Mashine haijafa, imekwama njiani: kinachotokea ukibonyeza pawa kabla Windows haijaja

Wiki mbili zilizopita, mida ya saa kumi jioni hivi, kaingia dada mmoja kwenye fremu yangu hapa Kariakoo, laptopu kaizungushia kitenge kama kabeba mtoto mchanga. Akaniambia fundi, hii nimeshaipeleka sehemu, wamesema mazabodi imekufa, wanataka wabadilishe bodi nzima, na bei waliyonitajia nikiongeza kidogo tu napata nyingine used. Yuko chuo mwaka wa mwisho, risechi yake yote iko humo ndani na siku ya kukabidhi imebaki wiki moja na siku kadhaa. Nikamuuliza, dada ilikuwaje mpaka ikafika hapa? Akasema ilileta ujumbe wa apdeti, akakubali, ikazima ikawaka, ikaanza kuhesabu asilimia kwenye skrini nyeusi, chaja iko ukutani, mara umeme ukakatika. Betri ilikuwa inasoma asilimia 40 na kitu lakini ni zile betri zilizochoka, ukichomoa chaja inasema 40 halafu dakika moja haifiki kimya. Ikazima palepale. Tangu siku hiyo ukibonyeza pawa taa inawaka, feni inazunguka sekunde chache, inazima, inajiwasha tena yenyewe, feni, inazima, hivyohivyo, na skrini nyeusi muda wote.

Niliposikia tu asilimia kwenye skrini nyeusi nikajua kwa kiasi kikubwa bodi haijafa. Na leo nataka niandike hii kitu kwa urefu kwa sababu inaniuma, kila mwezi naona mtu kauziwa bodi au kaambiwa atupe mashine kwa kitu ambacho ni programu tu imeharibika, programu inayokaa kwenye chipu moja ndogo yenye miguu minane, na mafundi wenzangu vijana wanapiga Windows vizuri sana lakini hiki kipande cha mwanzo, kati ya kubonyeza pawa na ile logo kutokea, kwao ni giza. Wakati ukikijua hiki kipande, yani ukijua nani anaamka kwanza na nani anamfuata, mashine yenyewe inakuonyesha imekwama wapi.

Tuanze na batani. Wengi wanadhani batani ya pawa inapeleka umeme kwenye prosesa kama swichi ya taa inavyopeleka kwenye balbu. Haiko hivyo. Ukichomeka chaja tu, kabla hujagusa chochote, ndani ya laptopu kuna mtu yuko macho tayari. Ni chipu tunaiita EC, kompyuta ndogo kabisa inayojitegemea, ina prosesa yake na programu yake, kazi yake ni kusikiliza batani, kusimamia chaji ya betri, feni, kibodi, kujua mfuniko umefungwa au uko wazi. Ndo maana laptopu iliyozimwa inachaji na inawasha taa. Kwenye bodi kuna umeme wa volti 3.3 na wa volti 5 ambao unakuwepo hata mashine ikiwa imezima, na mimi mashine yoyote iliyokufa kitu cha kwanza napima hizo mbili. Kama hazipo achana kwanza na mambo ya BIOS, yani ile programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya miguu minane, tafuta shoti. Kama zipo, basi ukibonyeza batani unakuwa umebisha hodi kwa EC, EC anaiamsha chipseti, ile chipu kubwa inayosimamia vifaa vya kwenye bodi, chipseti inaanza kuruhusu umeme kwa zamu, huu wa RAM, huu wa prosesa, huu wa wengine, na kila umeme ukishatulia unarudisha jibu kwamba niko sawa, na jibu moja tu lisiporudi safari inaishia hapo. Muda wote huo prosesa imeshikiliwa, imezuiwa isifanye hata hesabu moja, mpaka majibu yote yatimie ndo inaachiwa. Yote hayo hayamalizi hata sekunde moja.

Halafu kuna mwingine ambaye wengi hawamjui kabisa. Kwenye mashine za Intel, ndani ya chipseti, kuna Management Engine, sisi tunaita ME tu, nayo ni kompyuta ndani ya kompyuta na inaamka kabla ya prosesa kubwa. Zile za kuanzia mwaka 2015 zinaendeshwa na MINIX, mfumo ambao profesa Andrew Tanenbaum aliutengeneza kwa ajili ya kufundishia, na mwaka 2017 mwenyewe aliandikia Intel barua ya wazi kuhusu hilo. Upande wa AMD wameweka prosesa ndogo ya ARM ndani ya prosesa kubwa, na hiyo ndogo ndo inatangulia kuamka, tena kwenye hizi za Ryzen ndo inaiandaa na RAM kabisa. Mimi kama fundi kinachonihusu hapo ni kwamba ME naye anasoma programu yake kutoka kwenye chipu ileile ya miguu minane.

Kwa hiyo ile chipu watu wanayoiita chipu ya BIOS ni nyumba ya kupanga. Chumba cha mbele kabisa kuna orodha inayosema mpangaji gani anaanzia wapi na anaishia wapi, kuna chumba cha ME, mara nyingi kuna cha namba ya kadi ya mtandao, na chumba kikubwa ndo cha BIOS yenyewe, na humo kwa BIOS kuna kona inahifadhi setingi, sirio namba ya mashine, na kwa laptopu zilizokuja na Windows kuanzia Windows 8 kuna na ufunguo wa leseni. Ukivunja chumba cha mmoja unaona dalili za huyo mmoja. Mfano, ME akiharibika vibaya mashine nyingi zinawaka vizuri tu, mtu anafanya kazi, halafu ikifika kama nusu saa inazima yenyewe. Mteja anabadilishiwa feni, anawekewa pesti mpya kwenye prosesa, anaambiwa inapata moto, kumbe haina moto wowote, ni mpangaji mmoja chumba chake kimeungua.

Sasa prosesa imeachiwa, na hapa ndo sehemu naipenda kuliko zote, nazungumzia zaidi za Intel maana Ryzen inakuta RAM imeshaandaliwa. Prosesa haijui lolote. Haijui kama kuna RAM, haijui diski, haijui skrini, haijui kwamba wewe umekaa mbele yake unasubiri. Inajua anwani moja tu ambayo imezaliwa nayo toka kiwandani, baiti 16 kabla ya mwisho wa gigabaiti 4 za kwanza, inaenda hapo kuchukua amri yake ya kwanza. Kwenye 8086, prosesa ya Intel ya mwaka 1978, ilikuwa baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti 1, mji umekua lakini utaratibu ni uleule, unahesabu 16 kutoka mwisho. Baiti 16 hazitoshi programu yoyote ya maana, kinachokaa pale ni amri ya kuruka, nenda kule, na sakiti zimepangwa ili anwani ile isiangukie kwenye RAM bali iangukie kwenye ile chipu yetu. Na prosesa hata ukiinunua leo ikiwa bado ina karatasi, inaamka ikiwa na akili ya biti 16 kama 8086, tena inaamka kwa kiini (core) kimoja tu vingine vimelala, halafu amri za kwanza za fimuwea, yani programu ya ile chipu, ndo zinaipandisha biti 32 na mwisho 64. Kila nikibonyeza pawa nawaza hilo, kwamba kwa nukta moja ndogo hii mashine imerudi 1978 kisha ikakimbia miaka yote mpaka leo.

Tatizo linalofuata ni kwamba fimuwea imeanza kufanya kazi lakini haina pa kuandikia. RAM imechomekwa lakini bado haifai. RAM ya siku hizi lazima ifundishwe, kila waya una urefu wake kwenye bodi, ishara zinachelewa tofauti tofauti, fimuwea inabidi ijaribu kuandika na kusoma mara nyingi mpaka ipate mahali ambapo hakuna kinachokosewa. Sasa wakati inafanya hiyo kazi yenyewe inatumia kumbukumbu gani? Inaazima kashe, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, inaifunga ijifanye RAM kwa muda. Halafu inauliza kila kipande cha RAM wewe ni nani, na kipande kinajibu, kwa sababu kwenye kila RAM kuna chipu ndogo imeandikwa ukubwa wake, kasi yake na mapumziko inayohitaji. Ikishapata hayo ndo mafunzo yanaanza. Matokeo yanatunzwa ili kesho isirudie yote, na ndo maana ukibadilisha RAM kuwasha kwa mara ya kwanza kunachelewa.

Hapa naomba nikazie. Kwenye desktopu mpya za DDR5 mara ya kwanza mashine inaweza kukaa dakika kadhaa nyeusi tii, feni zinazunguka, hakuna kinachoonekana. Kijana mmoja alinipigia simu usiku, kanunua vifaa vyote vipya, kaunga mwenyewe, anabonyeza, giza, anazima baada ya sekunde 30, anabonyeza tena, giza, karudia mara nane anataka kurudisha prosesa dukani asubuhi. Nikamwambia washa halafu kaa mbali nayo, nenda kaoge. Alipotoka bafuni imeshafika kwenye setapu. Kila alipokuwa anazima alikuwa anaikatisha darasani, inaanza upya moja.

RAM ikishakubali mambo yanakuwa mepesi, fimuwea inajihamishia kwenye RAM, inaita wenye vifaa vyao, kibodi, yuesibii, diski, kadi ya picha, inakagua, ndo ile tunaita POST. Kama kuna kasoro kabla picha haijapatikana inalia. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981 mlio mmoja mfupi ulikuwa maana yake mambo safi, na hiyo BIOS yote ilikuwa kilobaiti 8. Kilobaiti 8! Leo chipu ya megabaiti 16 ni ya kawaida, hiyo ni mara elfu mbili na zaidi. Siku hizi laptopu nyingi hazilii, zinapepesa taa ya chaji au ya Caps Lock kwenye kibodi kwa idadi fulani, na idadi hiyo maana yake imeandikwa kwenye mwongozo wa mashine husika. Hesabu zile taa jamani. Mteja akikwambia inapepesa hesabu, usikimbilie bisibisi.

Nikishataja IBM ngoja niseme kidogo, kwa sababu bila hii habari hata hili duka langu lisingekuwepo. Neno BIOS lenyewe lilianza kwa Gary Kildall kwenye mfumo wake wa CP/M miaka ya 70 katikati, lilikuwa jina la kile kipande kinachojua vifaa ili sehemu nyingine ya mfumo isihangaike navyo. IBM walipotoa PC yao mwaka 1981 karibu kila kitu ndani ilikuwa cha kununua kwa watu, mtu yeyote angeweza kuunga kama ile, isipokuwa BIOS, ile ilikuwa mali yao, tena waliichapisha yote mstari kwa mstari kwenye kitabu chao cha ufundi, kwa hiyo ukinakili unashikwa. Compaq wakatafuta njia halali, wakaandika BIOS yao kwa watu ambao hawajaisoma ile ya IBM, wao wanapewa maelezo tu ya kwamba inatakiwa ifanye hivi na hivi, na mashine yao ya kwanza ikatangazwa mwishoni mwa 1982. Phoenix nao wakafanya kwa mtindo huohuo, na mwaka 1984 wakaanza kuiuzia kampuni yoyote inayotaka. Pale ndo mlango ulipofunguka. Hii leo unatembea Kariakoo unaona laptopu za majina kumi tofauti zimepangwa mezani na zote zinapokea Windows ileile au Linux ileile, chanzo ni kwamba kuna watu walikaa wakaandika upya zile kilobaiti chache kwa haki.

Zamani hiyo BIOS ilikuwa inachomwa kiwandani basi, hubadilishi. Miaka ya 90 ndo zikaja chipu za kufutika zikiwa palepale kwenye bodi, ni jambo zuri kwa sababu kosa linaweza kurekebishwa, lakini kinachofutika kwa nia njema kinafutika na kwa nia mbaya. Virusi vya CIH, kazi ya mwanafunzi wa Taiwan anaitwa Chen Ing-hau, tarehe 26 Aprili 1999 viliamka kwenye kompyuta nyingi duniani, vikawa vinaharibu mwanzo wa diski halafu vinajaribu kufuta BIOS. Zile ambazo chipu yake ilikubali kufutika hazikuwaka tena. Mashine nzima, kila waya mzima, na haiwaki, kwa sababu ile anwani ya mwisho prosesa inapokwenda kuuliza nifanye nini hakuna wa kumjibu.

Kabla sijarudi kwa yule dada kuna hii ya betri ndogo, siwezi kuiacha. Kwenye desktopu kuna betri bapa kama sarafu, CR2032, volti 3, upana milimita 20 na unene milimita 3.2, hizo namba ndo jina lake. Inaifanya saa itembee mashine ikiwa haina umeme, na kwenye bodi za zamani inatunza na setingi. Kuna mzee ana stationeri jirani na mimi, nikamsalimia shikamoo mzee habari za kazi, akaniambia mwanangu kazi haiendi, kompyuta imekataa intaneti mwezi wa pili huu, nimeshaipigisha Windows mara tatu, kila mara nalipa, inakaa siku moja asubuhi yake inakataa tena kila tovuti, inasema sio salama. Nikaangalia kona ya skrini, tarehe iko miaka kadhaa nyuma. Kila jioni anazima umeme kwenye swichi ya ukutani, betri imekufa, saa inarudi mwanzo, brauza inaona vyeti vya tovuti zote vimetolewa siku ambayo bado haijafika, inavikataa. Ile Windows haikuwa na kosa lolote hata ile mara ya kwanza. Tulibadilisha ile betri kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na nilikasirika kwa niaba yake, maana hela alizolipa kwa Windows tatu ni hela za fotokopi ngapi. Tena kwenye bodi za zamani betri ikifa setingi ya diski inaweza kurudi ya kiwandani, ikiwa AHCI inageuka IDE au kinyume chake, hizo ni namna mbili za mashine kuongea na diski, Windows inaleta skrini ya bluu mwanzoni tu, na fundi asiyejua anafomati diski ya mtu yenye kila kitu.

Kukabidhiana na Windows sitakaa sana, hilo wengi mnalijua. Kwa mtindo wa zamani BIOS inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, inaangalia kama mbili za mwisho ni 55 na AA, ikiziona inaiweka kwenye anwani 7C00 inairukia, haiulizi tena. Ndani ya hizo 512 programu inapata 446 tu na 64 ni jedwali la mapatisheni, na humo namba ya sekta imepewa biti 32 tu, ndo maana diski kubwa kuliko kama terabaiti 2 ilishindikana kwa njia hiyo. UEFI, fimuwea ya mtindo mpya, ambayo ilianzia kwa Intel na toka mwaka 2005 inasimamiwa na jukwaa la makampuni mengi kwa pamoja, yenyewe inajua kusoma mafaili, inafungua patisheni ndogo ya FAT na kuchukua faili lenye mwisho wa efi, na Secure Boot ikiwa imewashwa inakagua sahihi ya hilo faili kwanza. Ukiona ujumbe wa kwamba hakuna kifaa cha kubuti ujue fimuwea imemaliza kazi yake salama, kwa kawaida bodi nzima, RAM nzima, tatizo liko kwenye diski au kwenye namna ulivyoandaa flashi yako. Hiyo ni habari njema ingawa watu wanaisoma kama msiba.

Sasa yule dada. Niliweka mashine kwenye saplai ya mezani inayoonyesha ampia. Ikiwa imezima inakula kidogo sana, nikabonyeza, ikapanda, ikakaa kidogo, ikashuka, ikapanda tena. Umeme wa RAM upo, wa prosesa unakuja, kwa hiyo prosesa inaachiwa, inaenda kwenye anwani yake, inaanza kusoma, halafu inafika mahali inapotea, EC anasubiri dalili ya uhai haioni, anazima anajaribu tena. Ndo ule mzunguko alioueleza. Nilijaribu kwanza njia ya kampuni, flashi ya FAT32 yenye faili la BIOS na kushikilia vitufe vyao, ile ya uokoaji, ikagoma. Nikaifungua.

Chipu iko karibu na chipseti, ya megabaiti 16. Angalia hapa vizuri, kwenye mgongo imeandikwa 128 kwa sababu wanahesabu megabiti, 128 gawa kwa 8 ni 16, na 64 ni megabaiti 8. Nikasoma na volti zake kwenye maelezo ya chipu kabla sijagusa, maana kuna za 3.3 na kuna za 1.8, na hii programa nyeusi ya CH341A, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, ambayo mafundi sote tunayo inajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye waya za data, ukimpelekea wa 1.8 volti 5 umeua wewe sasa, sio umeme uliokatika. Yangu nimeirekebisha. Nikatoa betri, nikaweka klipu, nikasoma chipu mara tatu, nikalinganisha mafaili yote matatu baiti kwa baiti, yakafanana. Yasingefanana ingekuwa klipu haijakaa vizuri, na kuandika juu ya msomo mbovu ni kosa kubwa.

Nikafungua faili na kushuka taratibu. Orodha ya mbele ipo. Chumba cha ME kipo kamili. Kona ya setingi na sirio namba ipo, na ufunguo wa Windows upo. Halafu katikati ya chumba cha BIOS, FF FF FF FF, kurasa na kurasa za FF, kisha chini programu inaendelea tena. Chipu ya aina hii haiandikwi juu kwa juu, lazima kwanza ufute, na kufuta maana yake kila baiti inakuwa FF, ndo uandike. Apdeti ilifuta kipande, umeme ukaondoka kabla haijaandika. Jeraha lenyewe lilikuwa linaonekana kwa macho.

Na hapa ndo ugomvi wangu na vijana wetu. Wengi wangefanya hivi: kutafuta kwenye mtandao faili la mashine yenye jina kama lile, kulichoma lote, ikiwaka wanachukua hela. Inawaka kweli. Lakini umempa mteja sirio namba ya mtu mwingine, namba ya mtandao ya mtu mwingine, leseni yake ya Windows umeifuta, na kama mwenye lile faili aliweka paswedi ya BIOS umemletea na hiyo. Tena hukuhifadhi la kwake kwa hiyo hakuna kurudi. Nimeshapokea laptopu mbili za ofisi moja zenye namba moja ya mtandao, zinapokonyana mtandao wa waya mchana kutwa. Tusome chipu kwanza, tuhifadhi, ndo tuchome. Kusoma ni dakika chache tu.

Mimi nikashusha faili la BIOS la toleo lile kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, nikalichambua nikatoa kipande cha programu peke yake, nikakipandikiza kwenye faili la dada pale palipokuwa na FF pamoja na majirani zake wa toleo hilohilo, vyumba vingine sikuvigusa. Nikachoma, nikasoma tena kuhakiki, sawasawa. Nikampigia simu aje aone mwenyewe.

Alikuja kesho yake asubuhi. Nikamwambia mapema, dada nikibonyeza hapa itakaa nyeusi muda kidogo, usiogope, inaifundisha RAM upya. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, haikuzima. Sekunde kumi, ishirini, akanishika mkono wa shati. Kama dakika moja hivi ndo logo ikatokea, akapiga kelele mpaka muuza chaja wa fremu ya jirani akaja kuchungulia. Halafu skrini ya bluu, inadai namba ya tarakimu 48, uso wake ukabadilika. Nikamtuliza, hiyo ni BitLocker, diski yako imefungwa kwa kufuli, na chipu ya usalama inayoshika ufunguo imeona fimuwea imebadilika, kwa hiyo inataka uthibitishe ni wewe. Akaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, paswedi alikuwa ameisahau, tukahangaika na ujumbe wa namba za kuthibitisha kama robo saa, ndo ufunguo ukaonekana, akawa ananisomea sita sita mimi naandika.

Ikafunguka. Faili la risechi lilikuwa palepale deskitopu, sura ya nne, alikuwa ameishia katikati ya sentensi. Akakopi kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe yake kabla hajanirudishia hata mausi, na mimi lile faili la chipu yake, megabaiti 16, nimeliweka kwenye folda lenye jina la mashine na tarehe, likihitajika lipo.